Thamani: Kuku Mmoja

Kwa miezi minane sasa, bando zangu zimelipwa na mbwa wa Marekani. Sijawahi kukutana nao. Nawajua kwa shida zao: yule aliyemeza soksi, yule aliyekatika kano ya goti akirukia mpira, yule mzee wa miaka kumi na mbili mwenye kisukari anayedungwa insulini asubuhi na jioni. Mteja wangu, ambaye namjua kwa herufi mbili za jina na picha ya mti, hunitumia kichwa cha makala kila Jumatatu, nami nampelekea maneno elfu moja mia tano kabla ya Jumatano yake kuisha, wakati kwangu ni Alhamisi. Mada ni ile ile kila wiki: je, umnunulie mbwa wako bima au usimnunulie? Jibu pia ni lile lile. Mnunulie. Anayelipia makala ni mtu anayeuza bima.

Naandikia Matiliku, kwa nyumba ya susu yangu, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani. Nilirudi huku nikiwa mwaka wa tatu chuoni, mbuzi wa kuuzwa walipoisha kabla ya mihula kuisha. Si hadithi ya kipekee, shuka stejini Emali jioni yoyote utawapata wenzangu. Nilikuwa na laptopu ya mtumba na Kiingereza cha insha, kwa hivyo nikaanza kuandika chochote kilicholipa: magodoro, meno bandia, namna ya kusafisha zulia. Halafu wakaja mbwa, wakakaa.

Baada ya makala kama thelathini, bima ya mbwa naijua kuliko somo lolote nililowahi kulifanyia mtihani. Inafanya kazi hivi. Kila mwezi unalipa kiasi fulani. Mbwa akiugua unampeleka kwa daktari, unalipa mwenyewe, kisha unatuma risiti. Kampuni inatoa zile pesa za kwanza ambazo mkataba unasema ni zako, halafu inakurudishia sehemu ya zilizobaki, mara nyingi asilimia 70, 80 au 90 kulingana na ulivyochagua. Ugonjwa aliokuwa nao mbwa kabla ya kusaini haulipwi. Kuna siku za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi, ndiyo maana huwezi kuinunua jioni kwa sababu mbwa ameanza kuchechemea asubuhi. Kuna mbwa wanaotozwa zaidi kwa sababu wamezaliwa na shida zao, kama buldogi na pumzi, au Jamani Shepadi na nyonga. Na kadiri mbwa anavyozeeka ndivyo ada inavyopanda, mpaka ule mwaka anaoihitaji zaidi ndio mwaka unaoanza kufikiria kuiacha. Hilo la mwisho huwa naliweka kwenye aya ya tisa, ambako wasomaji hawafiki.

Waliotangulia ni Waswidi. Walikuwa wameshawawekea farasi na mifugo bima tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1924 wakamfikia mbwa. Marekani walingoja hadi 1982, na mbwa wa kwanza kuandikiwa alikuwa Lassie, yule wa televisheni, ambaye nadhani hakuwa na shida ya pesa.

Nisikupotoshe, huko bima ina maana yake. Upasuaji wa goti la mbwa hufika maelfu ya dola. Mtu anasimama mbele ya kaunta ya kliniki, kadi ya benki mkononi, anaambiwa kiasi, na hapo hapo anatakiwa kujua mbwa wake ana thamani gani kwake, mbele ya foleni. Akisema hawezi, kuna sindano nyingine, ile ya kumlaza asiamke. Kinachouzwa kwenye ile ada ya kila mwezi ni ruhusa ya kutoulizwa swali hilo. Nimeliandika hili kwa maneno mengi tofauti na kila mara mteja hupenda.

Sasa, mimi pia nina mbwa. Tuna wawili. Simba ana miaka saba hivi, rangi ya udongo, sikio moja limepasuka katikati kwa vita ambavyo hatukuviona. Hulala mlangoni pa zizi la mbuzi sita waliobaki, na mchana hufukuza tumbili kwenye maembe. Fuliza ni mdogo. Alifika mwezi ambao kila shilingi iliyoingia kwa simu yangu ilichukuliwa kabla sijaiona, naye ana tabia hiyo hiyo na chakula, ndiyo maana akaitwa hivyo. Wote wawili wanakula makoko ya ugali na muthokoi uliobaki. Hakuna aliyewahi kumeza soksi. Soksi tunazihesabu.

Mwezi wa pili, boda iliyobeba magunia mawili ya ndengu ilimgonga Fuliza hapo kwa njia. Dereva alisimama, na hilo nampa heshima, maana wengi hawasimami wakigonga mbwa. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Nikampigia daktari wa mifugo, akaja kwa pikipiki kabla ya jua kutua, mikono bado inanuka ng'ombe aliyekuwa akimzalisha. Alimshika Fuliza mguu taratibu, akifumba macho kama mtu anayesikiliza redio.

"Ingekuwa Nairobi tungepiga eksirei," akasema. "Hapa tutatumia vidole."

Akamfunga gango la fito mbili na bendeji, akamdunga dawa ya maumivu na nyingine ya kuzuia usaha. Elfu moja mia nane, petroli ndani. Nikamwomba risiti. Ni tabia ya kazi yangu, siku nzima naandika kuhusu kuhifadhi risiti. Daktari akacheka, akatoa kalamu, akaandika 1800 kwenye kiganja chake na kunionyesha.

"Hii hapa. Na ile ujumbe ya M-Pesa usiifute."

Fuliza alipona kwa wiki saba, mguu ukaunga kwa pembe kidogo, na sasa anakimbia kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Lakini zile wiki saba nilikuwa nikiandika usiku huku analia chini ya meza, na kila sentensi yangu ilikuwa inamwambia mtu wa Ohio kwamba ukimpenda mbwa wako utajipanga mapema. Nikajiambia, hebu nijaribu ushauri wangu mwenyewe. Nikatafuta, nikapata kampuni ya Nairobi iliyosema inawekea mbwa bima, nikapiga simu.

"Habari yako, madam. Mbwa ni wa aina gani?"

"Ni mbwa tu."

"Naelewa, madam. Lakini ni Jamani Shepadi, ni Rotiwaila, ni…?"

"Ni wa Matiliku."

Kukawa kimya, halafu akasema kwa heshima kabisa kwamba atanitumia fomu kwa WhatsApp.

Ile fomu niliisoma nikiwa nimeketi na Susu nje, yeye akipukuchua mbaazi. Tarehe ya kuzaliwa: mama aliyetupa Fuliza alisema alizaliwa maembe yakiiva. Nambari ya maikrochipu. Kliniki anakotibiwa. Kadi ya chanjo, hiyo tunayo. Kisha: thamani ya mnyama, na uthibitisho wa ununuzi. Nikamuuliza Susu.

Fuliza alitoka kwa mama mmoja wa upande wa Kalamba, kwenye uzao wa sita. Yule mama alikataa pesa. Susu naye akakataa kumbeba mbwa bure, ati mbwa wa bure hakai, siku moja hufuata mtu mwingine. Wakabishana mpaka Susu akampelekea kuku. Kwa hivyo thamani ya mnyama: kuku mmoja wa kienyeji, jike, aliyekuwa ameanza kutaga. Uthibitisho wa ununuzi ni kwamba yule kuku yuko Kalamba mpaka leo.

Nilimwandikia ajenti hivyo hivyo. Akajibu na uso wa kucheka. "Andika elfu ishirini madam, hapo ndipo huwa tunaanzia." Kwa elfu ishirini, ada ingekuwa elfu sita na mia tano kwa mwaka kwa kila mbwa. Mbwa akifa kwa ajali au akiibwa, wanalipa hadi kiasi hicho. Matibabu wanalipa kwa kiwango, kwenye kliniki zilizo kwenye orodha yao. Orodha niliisoma. Kliniki ya karibu zaidi ilikuwa Nairobi, mwendo wa karibu saa tatu, na hapo bado hujampata makanga atakayekubali mbwa aingie garini.

Mbwa wawili, elfu kumi na tatu. Nikatoa kalamu. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haimtozi mtu chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Elfu kumi na tatu ingewatosha watu watatu kwa kiwango hicho na chenji ya elfu mbili na mia mbili ibaki. Sisemi mtu asimlipie mbwa mpaka kila binadamu awe amelipiwa. Hoja hiyo huwa inatolewa na watu ambao hawajamlipia binadamu wala mbwa. Nasema tu kwamba nilipoiweka kwenye karatasi, niliona aibu kumwonyesha Susu.

Yeye neno bima analijua vizuri. Alilijua kwanza kama kile kibandiko kwenye kioo cha matatu, kitu cha kumwonyesha polisi. Halafu mwaka 2016, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kaunti yetu ikaanzisha MakueniCare: familia ilitoa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, na waliozidi miaka 65 hawakutoa kitu. Susu alikuwa amezidi. Kadi yake anayo hadi leo, na ukimwuliza bima ni nini atakwambia ni mia tano za watu wengi kwa mgonjwa mmoja. Katika makala zangu zote sijawahi kuandika sentensi nzuri kama hiyo. Mteja angeifuta, kwa sababu haisemi bonyeza hapa.

Kilichonisumbua zaidi ya bei kilikuwa kile kiganja cha daktari. Bima ya aina hii hulipa risiti. Inafikiria kwamba kila baya linalompata mbwa linaishia kwenye kaunta yenye mashine ya kuchapisha karatasi. Hapa mbwa hufa kwa nini? Kwa boda. Kwa kifutu kwenye nyasi ndefu. Kwa kupe. Kwa sumu iliyowekwa kwenye nyama na mtu aliyekasirikia mbwa wa mtu mwingine. Kwa homa ya watoto wa mbwa inayofagia uzao mzima kwa wiki moja, na watu wanasema tu "walikufa." Hakuna lolote kati ya hayo linaloacha risiti. Kuna utafiti uliofanywa Machakos, jirani zetu, ukachapishwa 2001: mbwa dume akizaliwa alitarajiwa kuishi miaka mitatu na nusu, jike miaka miwili na kitu. Nusu ya mbwa wote walikuwa hawajafika mwaka mmoja. Kwenye ile fomu kulikuwa na kifungu kwamba hawaandikishi mbwa aliyezidi miaka minane. Kwa kipimo cha Machakos, Simba ameishi maisha mawili.

Si kwamba bima haiwezi kutengenezewa watu wasio na risiti. Marsabit walianza mwaka 2010, mradi wa watafiti wa ILRI: satelaiti inaangalia kijani cha malisho kutoka juu, kikishuka chini ya kiwango fulani mfugaji analipwa, hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 serikali ikaanza mpango wake wa namna hiyo Turkana na Wajir. Ni akili safi kabisa. Lakini ilifikiriwa kwa sababu ngamia na ng'ombe ni mali. Satelaiti haiwezi kumwona Fuliza, na hakuna aliyeombwa kuitengeneza imwone.

Susu alinisikiliza nikieleza haya yote, mbaazi zikidondoka kwenye ungo. Kisha akauliza maswali mawili.

"Ikilipa, analipwa nani? Mbwa?"

"Mimi, Susu."

"Na mbwa akiuma mtu?"

Nikatazama. Hiyo ilikuwa nyongeza, ya kulipiwa kando.

Susu akatikisa kichwa. Hapo ndipo aliponiambia habari ya kaka yake, ambayo nilikuwa nikiisikia vipande vipande tangu utotoni na sikuwahi kuipata yote. Ilikuwa kabla ya uhuru. Mvulana alikuwa na miaka tisa. Aliumwa kwenye shavu la mguu na mbwa wao wenyewe, aliyekuwa hajawahi kumng'atia mtu. Kidonda kilipona. Walishasahau. Wiki kadhaa baadaye akaanza kukataa maji. Alikuwa na kiu na alikuwa anaogopa kibuyu. Baba yao alimfunga kitandani kwa kamba ya mkonge, kwa sababu alikuwa akijirusha, na Susu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyetumwa kushika kile kibuyu, kwa kuwa yeye ndiye waliyekuwa wakielewana.

"Siku ya nne akanyamaza," akasema Susu, na kuendelea na mbaazi. "Mwanakwa, mimi siogopi mbwa kufa. Mbwa hufa."

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona, iwe ni mwaka huo au mwaka huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa nacho kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Na bado ni ugonjwa unaozuilika kwa sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Mwaka 2014 Kenya iliandika mpango wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza nao, pamoja na Machakos, Kitui, Siaya na Kisumu. Njia yenyewe ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka virusi vikose pa kupita.

Ndiyo maana kila Septemba, ikitangazwa kanisani kwamba chanjo ya bure imefika sokoni, Susu humfunga Simba kamba ya mkonge shingoni na kumtembeza mwenyewe. Hakubali nimpeleke mimi. Vijana hukaa kwenye bodaboda zao wakimcheka, ajuza anayevutana na mbwa barabarani. Anasalimia wote kwa majina ya baba zao na kupita.

Mwaka juzi mbwa tusiyemjua alipita huku kwetu asubuhi. Taya limelegea, mate, anatembea kwa mstari mmoja kama mtu aliyetumwa. Aliwauma mbwa wawili wa jirani, akapigana na Simba mlangoni pa zizi, na kabla vijana hawajamfikia kwa mawe alikuwa amemuuma mvulana wa jirani, wa miaka minane, kwenye mkono.

Susu alimkamata yule mtoto kabla mama yake hajafika. Sabuni ya kipande, jagi, na maji. Dakika kumi na tano za kuosha kidonda kwa maji yanayotiririka, ndivyo inavyotakiwa, na sisi hatuna bomba linalotiririka. Alimwaga mitungi miwili ya lita ishirini, mwezi wa tisa, wakati maji huku yanaletwa kwa punda na kila mtungi una bei. Mtoto analia, yeye anamwaga. Mimi nilikuwa nikihesabu dakika kwa simu. Sijawahi kuona maji mengi hivyo yakienda ardhini kwa kupenda.

Kisha safari. Hospitali ya kwanza tuliyofika ilikuwa imeishiwa na chanjo. Ya pili ilikuwa nayo. Sindano tano: siku ile, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, ya ishirini na nane. Kila moja na nauli yake ya watu wawili. Baba yake aliuza mbuzi, kisha mwingine. Walipomaliza ilikuwa imefika karibu elfu kumi na mbili. Mtoto yuko, ndiye anayetuletea maziwa. Wale mbwa wawili wa jirani, ambao hawakuwa wamechanjwa, waliuawa siku iyo hiyo, na aliyewaua ni mwenyewe. Simba alidungwa tena na daktari akasema afungwe tumwangalie kwa siku 45. Tulimwangalia. Siku ya arobaini na sita Susu akamfungua na kumpa mfupa wenye nyama, jambo ambalo halijarudiwa.

Kwa hivyo niliporudi kwenye ile fomu nilikuwa nikisoma kitu kingine. Ilikuwa inaniuliza nitafanya nini mbwa wangu akipatwa na baya. Hasara kubwa inayoweza kuja kwenye boma hili kupitia mbwa haiko kwa mbwa wangu hata kidogo, iko kwa mbwa wa mtu nisiyemjua, ambaye hajachanjwa. Ile asilimia 70 ni hesabu ya mbwa wa wengine. Ningemlipia Fuliza hata elfu hamsini kwa mwaka, isingebadilisha lolote kwa yule anayekuja kwa mstari mmoja asubuhi.

Sikununua. Nilimwandikia ajenti asante, akanijibu "karibu tena madam ukipata mbwa wa mbegu."

Badala yake nilifuatana na Susu kwenye mwethya wao. Kama hujui, mwethya ni vile Wakamba wamekuwa wakilima matuta na kuchimba mabwawa tangu zamani, watu wanakuja kwa shamba lako leo, kesho unaenda kwa lao. Siku hizi kikundi cha Susu kinakusanya pesa zaidi ya kushika majembe. Nikasimama na kupendekeza shilingi 50 kwa kila mbwa kwa mwezi, ziwekwe kando.

Nilidhani nitapigiwa makofi. Mama mmoja akauliza tangu lini mbwa akawa wa mwanamke, wanaume walipe. Mwingine akasema mbuzi wake hawana kitu kama hicho na mbuzi ndiye anayelipa karo. Mweka hazina, ambaye angeendesha benki kama angesoma, akauliza maswali ambayo kampuni za bima zina idara nzima ya kuyajibu: mwenye mbwa watano atalipa mara tano au ataficha watatu? Anayejiunga leo mbwa wake akiwa tayari mgonjwa? Na nani atasema mbwa huyu anastahili pesa na yule hapana? Hilo la mwisho lilileta kelele hadi chai ikapoa.

Mama yake yule mvulana hakuwa ameongea. Akasema tu, "Mimi nitatoa za mbwa wawili," na kila mtu alijua hana mbwa.

Walikubali nusu. Mifupa, ajali, kupe, hizo kila mtu na wake. Pesa za pamoja ni za chanjo tu, na si ya Septemba, ile ni bure. Ni ya watoto wa mbwa. Mbwa aliyezaliwa Oktoba anangoja Septemba ifuatayo, na kama nusu ya mbwa wa huku hawajafika mwaka, basi kampeni ya mara moja kwa mwaka inawapita wengi wakiwa bado hawajazaliwa au wameshakufa, na katikati hapo wanacheza na watoto wetu. Daktari alikubali kuja mara mbili zaidi kwa mwaka, mia mbili kwa mbwa, akikuta wamekusanywa mahali pamoja.

Imebaki mguu wa Fuliza, yaani lile swali la kaunta, ambalo sasa nitaulizwa mimi mwenyewe. Ninaweka mia tatu kwa mwezi mahali ambapo siwezi kuzitoa kwa urahisi. Usiku mmoja, nikiwa natakiwa kuandika kuhusu kitu kingine, nilichukua daftari nikaandika kiasi: elfu tano. Zaidi ya hapo nitamwambia daktari basi. Nikaitazama ile namba na Fuliza amelala juu ya mguu wangu. Kesho yake nikaifanya elfu saba. Sijui kwa nini saba. Susu alipoiona akauliza ni deni la nani, nikamwambia ni la mbwa, akasema kaka yake hakuwekewa namba yoyote, na akaenda kufungia mbuzi.

Kufikia juzi kibati cha mweka hazina kilikuwa na 2,150, kutoka maboma kumi na moja, na kuna watu wawili wanasema watalipa ndengu zikiuzwa. Kwenye daftari kuna majina ya mbwa ishirini na sita. Wanne ni Simba, imebidi waandikwe na jina la boma. Mteja ametuma kichwa kipya, sababu kumi za kumwekea bima mbwa uliyemwokota. Nimemwomba anipe mpaka Jumamosi yangu, kwa sababu Alhamisi daktari anakuja na lazima kuwe na mtu wa kuwashika.